Nyumba Juu ya Nyumba

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: je, mtu aliyeokoka anaweza kujenga nyumba za kupangisha, akaziweka rehani, akajenga nyingine kwa mkopo, na nyingine tena? Ama hiyo ni tamaa?

Wengine hukimbilia Isaya 5:8, nabii anapowalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba. Lakini tusome kwa makini. Mwanamke wa Methali 31 naye alitazama shamba akalinunua, na anasifiwa. Basi kosa si idadi ya nyumba. Isaya analia kwa sababu mwisho wake jirani anakosa pa kukaa. Swali ni: kukua kwako kunamfanyia nini yule anayelala humo ndani?

Kazi hii twaijua. Tangu Chuo Kikuu cha Pwani kipate hati yake mwaka 2013, Kilifi inajengwa bedsita kila upande. Malindi na Watamu wapangaji ni watu wa hoteli, bodaboda, mama mboga. Sasa piga hesabu. Vyumba 10 kwa shilingi 5,000 ni 50,000 kwa mwezi. Ushuru wa mapato ya nyumba ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, nao hutozwa kabla ya kutoa gharama yoyote: 3,750. Tuseme benki inataka 38,000. Unabaki na 8,250. Vyumba viwili vikikaa tupu, faida imekwisha, tena unaongeza 1,000 kutoka mfukoni. Na hapo hujazibua choo. Mnakumbuka Machi 2020 vyuo vilipofungwa? Havikuwa vyumba viwili tu.

Sasa masika imeingia, hoteli imefunga, mpangaji anakwambia, "Mama, nivumilie mpaka mwezi wa saba." Aliyejenga polepole ana uhuru wa kusema sawa. Aliyekopa mpaka shingoni hana, hata akikesha kwa maombi. Si kwamba ana roho mbaya. Huruma yake ameshaiweka rehani pamoja na hatimiliki. Methali 22:7 yatufundisha kwamba mkopaji ni mtumwa wa aliyemkopesha. Mimi naona mpangaji wake huwa mtumwa wa mtumwa.

Mtu atasema: bila mkopo, maskini atajenga lini? Ni tajiri tu ndiye atakayejenga kwa keshi. Hoja hiyo ni ya kweli, na bila vyumba hivyo wanafunzi wangelala wapi? Sisemi msikope. Nasema mpime mkopo kwa kipimo kingine. Benki inapima kama utaweza kulipa. Wewe pima kama utaweza kulipa na bado ukamvumilia mtu miezi miwili. Ikiwa huwezi, mkopo huo ni mkubwa kwako, hata kama meneja ameshaukubali.

Tena, Kumbukumbu la Torati 24:6 yakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, maana ndilo uhai wa mtu. Nyumba wanamolala watoto wako ndiyo jiwe lako la kusagia. Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka mwenzi wako atie sahihi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ukishindwa kulipa, inakuja notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40, halafu mnada. Kwa hiyo baba, usimwambie mama watoto "weka sahihi hapa" kama vile ni risiti ya duka. Keti naye, mweleze kila kitu, na akikataa, msikilize.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu atutaka tuketi tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Katika hesabu yako ongeza mstari mmoja: mpangaji atakayeshindwa kulipa. Mstari huo ukikosa nafasi, ngoja kwanza. Jenga chumba kimoja kimoja. Mungu hana haraka na ploti yako.