Utakatifu na Soko katika Uchoraji wa Emily Kame Kngwarreye

Swali la iwapo kitu kitakatifu kinaweza kuchorwa, kikauzwa na bado kikabaki kitakatifu ni la zamani katika dini nyingi, lakini ni nadra kujitokeza kwa uzito unaoonekana katika kazi za Emily Kame Kngwarreye, mchoraji wa jamii ya Waanmatyerr, ambao ni miongoni mwa Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia. Alizaliwa yapata mwaka 1910 huko Alhalkere, katika nyika kame iliyo kaskazini-mashariki ya Alice Springs, akaanza kuchora kwa rangi za akriliki umri wake ukikaribia miaka 80, na alipofariki mwaka 1996 alikuwa ameacha kazi zinazokadiriwa kufikia 3,000.

Msingi wa imani yake ni Altyerre, zama za uumbaji ambazo kwa Waanmatyerr hazikupita, kwa kuwa wahenga waliotembea juu ya nchi na kuifanyiza wangali wamo katika vilima, visima na mimea yake. Wajibu wa kuitunza nchi hiyo hutekelezwa kwa awelye, ibada ya wanawake ambamo hupakana rangi vifuani na mabegani, wakaimba na kucheza ili chakula kistawi na jamaa washikamane. Kngwarreye, ambaye jina lake Kame ni la mbegu za kiazi mwitu, alikuwa mkuu katika ibada hiyo muda mrefu kabla ya kuijua turubai.

Anayekataza sanamu huhofu kwamba picha itashika nafasi ya Asiyeonekana, na hofu hiyo ina hoja nzito. Ila hapa haina pa kushika, kwa sababu alama za awelye hufutika kwa jasho na vumbi bila utakatifu wake kupungua, kwani umo katika tendo la mwenye haki ya kulitenda. Mchoro wake wa mwaka 1995, Anwerlarr Anganenty, wenye urefu wa takriban mita 8, ni mistari myeupe iliyosokotana juu ya weusi, ambayo ni mizizi ya kiazi hicho na pia nyufa za ardhi kinapokomaa; hakuna umbo la kuabudiwa, na asiyefundwa huuona wote bila kupata siri yake. Tahadhari hiyo ya kutofichua siri haikuwa ndogo, kwani huko Papunya, makazi mengine ya Waaborijini, ambako wanaume walianza kuchora juu ya mbao mwaka 1971, baadhi ya kazi za awali zilifichua mambo ya siri, Waaborijini wengine wakalalamika, na wachoraji wakabadili mtindo.

Mchoro wake Earth's Creation uliuzwa mwaka 2007 kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia, lakini mnunuzi alipata turubai tu; haki ya kukichora kiazi hurithiwa ndani ya ukoo na haina bei. Kwa hiyo swali la kufuru, ingawa ni halali, linaelekezwa pasipostahili. Soko halikuweza kuufikia utakatifu, bali liliweza kumfikia bibi mzee aliyezungukwa na wafanyabiashara wengi wakishindania kazi zake, huku jamaa wengi wakitegemea kipato chake, na swali la haki lililo zito zaidi ni lile la namna alivyotendewa yeye.