Sikio Huongeza Sauti Iliyo Ndogo
Somo: Mwanzo 21:8–21



Hajiri tunamjua. Alitolewa nyumbani alfajiri akiwa na mkate na kiriba cha maji, akatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Maji yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali asimwone akifa, akalia. Wengi wetu tumepita hapo, hatuhitaji kuelezwa. Lakini tusome mstari wa 17 polepole. Mstari uliotangulia umetuambia kwamba mama alipaza sauti yake akalia. Basi Mungu akaisikia sauti ya nani? Ya kijana, aliyekuwa amebaki na pumzi tu.

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba jina Ishmaeli maana yake ni Mungu husikia. Hatukufundishwa sikio lenyewe linafanyaje kazi. Hayo tumejifunza ukubwani, na hatutaki kukaa nayo peke yetu, maana Zaburi 94 inamtaja Mungu kuwa ndiye mwenye kulifanya sikio.

Sauti ikiingia sikioni hugonga kiwambo, kiwambo husukuma vifupa vitatu vidogo, navyo husukuma majimaji yaliyomo katika mrija uliojikunja kama nyumba ya konokono. Mrija huo unaitwa koklea. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alifungua masikio ya maiti akaona jinsi wimbi la sauti linavyopita humo ndani. Aliona kweli. Ila lilikuwa sikio la maiti. Sikio la maiti hutikisika likipigwa na sauti, basi. Sikio la aliye hai huiongezea sauti hiyo nguvu.

Thomas Gold alisema hivyo mwaka 1948, na kwa miaka thelathini wachache walimsikiliza (hata habari za sikio zilikosa masikio!). Mwaka 1978 David Kemp, huko London, aliweka maikrofoni ndogo ndani ya sikio la mtu, akatoa mlio mfupi, na baada ya kitambo kidogo sana sikio lenyewe likatoa sauti. Haukuwa mwangwi wa ukutani. Ilikuwa kazi ya sikio inavuja nje. Leo katika hospitali nyingi duniani watoto wachanga hupimwa kwa njia hiyo.

Wafanyakazi wenyewe ni seli zenye vinyweleo. Sisi tunazo, na mamalia wengine pia, mbuzi hata popo. Safu moja ya ndani, kama seli 3,500 katika kila sikio la mwanadamu, ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za nje, kama seli 12,000, karibu hazipeleki habari yoyote. Hizo hucheza. Hurefuka na kufupika mara maelfu kwa sekunde, kwa protini iitwayo prestini iliyotambuliwa mwaka 2000, na mchezo wao huliinua wimbi hadi safu ya ndani ilipate. Sauti hafifu huongezwa zaidi ya mara mia. Na sauti kubwa? Haiongezwi karibu kitu. Hupita kama ilivyo.

Tulipofika hapo tulikifunga kitabu tukakaa kimya. Safu tatu za watumishi kwa ajili ya mnong'ono, na mwenye kupiga kelele hapewi kitu! Tukakumbuka siku ya kugawa mabati ya wajane. Aliyesema kwa nguvu aliandikwa kwanza, na waliosimama mlangoni bila kusema waliambiwa warudi kesho.

Seli hizi za nje ndizo hufa mapema. Mlipuko wa bomu, risasi karibu na kichwa, kelele za miaka mingi, na baadhi ya sindano kama gentamisini na streptomisini huweza kuziua (dawa hizo zimeokoa wengi, mtu asiache dawa yake, amwulize daktari). Kuku akipoteza seli zake zenye vinyweleo humwotea tena. Sisi hapana. Aliyezipoteza husikia ngoma, husikia mlango ukibamizwa, lakini neno la upole halimfikii. Ukinong'ona hasikii, ukipaza sauti anakuambia usimfokee. Baadhi ya wazee wetu wako hivyo tangu vita, nasi tunasema ni wakali.

Na hapa tunaungama. Katika shule ya Jumapili alikuwako mtoto wa miaka saba aliyekaa nyuma, karibu na jenereta. Akiitwa kwa upole hageuki. Tulimwambia mama yake kwamba ni mkaidi, na tunajua alichapwa kwa neno letu. Miezi mitano baadaye mhudumu wa afya alisimama nyuma yake, akalitaja jina lake kwa kunong'ona, kisha kwa nguvu. Aligeuka mara ya pili tu. Tulikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha kwa mama, na kwa mtoto mwenyewe. Muda wote tuliposema alikuwa anatutazama midomo.

Tena spika zetu. Tulizinunua kwa sadaka ya miaka miwili, tukazielekeza kwenye mikeka ya watoto, tukazifungua hadi mwisho, kwa muda wa saa tatu nzima kila ibada. Kuanzia Jumapili ijayo zitapunguzwa na kuinuliwa juu. Kwaya wameshaambiwa, hawakufurahi. Jenereta litahamishiwa nyuma ya ghala. Wazazi wenye watoto wasiogeuka wanapoitwa wawalete Jumatano asubuhi, mhudumu wa afya atakuwapo, na katikati ya leo na Jumatano fimbo zikae chini. Katika mkutano wa wajane ataanza kusema yule ambaye hajawahi kusema, nasi tutamngoja hata akikawia.

Mama yule amekubali kukaa mbele na mtoto wake, upande wa kushoto, mahali anapoweza kutuona midomo.