Mstari wa Mwisho ni Upi?

Kuna swali linalopendwa sana kwenye usaili wa kazi za kompyuta: "Utaupataje mstari wa mwisho kwenye jedwali?" Linasikika jepesi. Shida ni kwamba jedwali la kanzidata halina mstari wa mwisho, wala wa kwanza.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, Marekani, aliliweka jambo hili kwenye makala yake ya mwaka 1970. Alitaka programu zisitegemee namna data ilivyopangwa ghalani, hivyo akalichukulia jedwali kama seti, zile zile seti za hisabati ya shule. Kuulizia mstari wa mwisho ni sawa na kuuliza punje ya mwisho kwenye gunia la maharage ni ipi. Ya mwisho kwa ukubwa? Kwa kuingia guniani? Ukitaka mpangilio, unautaja mwenyewe. Usipoutaja, mfumo unakuletea mistari vyovyote iwavyo, na ubaya ni kwamba mara nyingi huileta vilevile kama jana, mpaka unazoea. Halafu siku moja, kwenye PostgreSQL, mtu anabadilisha namba ya simu ya mteja mmoja tu, na mteja aliyekuwa juu anaweza kuibukia chini kabisa, kwa kuwa mfumo huo huandika nakala mpya badala ya kufuta ya zamani papo hapo. SQLite, yenyewe, ina amri ya kugeuza kinyumenyume matokeo yasiyopangwa, makusudi, ili waliozoea vibaya waumbuke mapema. Nimeipenda hiyo!

Sasa, rafiki yangu mmoja aliulizwa swali hili, naye akauliza: "Wa mwisho kwa kigezo gani?" Msaili akalirudia lilelile, taratibu, kama anayemsemesha mtoto. Kazi hakuipata. Sidai ni kwa sababu hiyo. Ila aliyesoma juujuu hujibu fasta na kupewa alama, wakati anayejua husita, na kusita kwake kunahesabiwa ujinga.

Je, mwombaji anadaiwa ukweli hapo? Wapo wanaosema jibu wanachotaka, utawasahihisha ukishaingia. Mwenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi siwezi kumlaumu. Anaweza pia kusema, "Kama mwisho ni tarehe ya karibuni, basi..." Ni jibu zuri, lakini adabu yote tumembebesha mnyonge. Mimi naishi kwa kuuliza. Nikimuuliza waziri atajiuzulu lini, nimeshaamua kuwa atajiuzulu. Yeye ana ubavu wa kulikataa swali langu mbele ya kamera. Mwombaji kazi anakataa kwa gharama ya nani?

Na kulirekebisha si kazi kubwa: "Tuna tarehe za kujisajili, nani alijisajili mwisho?" Hata hapo, wawili wakiwa wamejisajili siku moja, msaili ajiandae kuulizwa tena.