Mchanga Mweusi wa Singani



Likizo iliyopita nilipata bahati ambayo sisi wanafunzi wa Gisenyi hatuipati mara nyingi: nilikwenda Ngazidja. Rafiki ninayeishi naye chumba kimoja ni Mngazidja, na kaka yake alikuwa anafanya ile ndoa kubwa ya kwao ambayo mtu huiwekea akiba nusu ya umri wake. Kaka huyo ndiye aliyenikatia tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Moroni, Allah amlipe. Habari za harusi nitazisimulia siku nyingine. Leo nataka kuleta swali lililonipata siku ya nne, ufukweni, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, karibu na kijiji cha Singani.

Mchanga wa pale ni mweusi. Sisemi wa kahawia kama huu wetu wa kando ya Ziwa Kivu tunaouchezea mpira Ijumaa jioni, nasema mweusi kama makaa yaliyomwagiwa maji. Wimbi likija povu lake huonekana jeupe kupita kiasi, na likirudi nyuma mchanga unabaki unang'aa kama kitambaa cha hariri. Jua likipanda haukanyagiki. Nilivua viatu kwa ushujaa na nikavivaa tena kwa aibu.

Rafiki yangu, kwa kuwa anajua nasoma masomo ya dini, akaniuliza kama mchanga ule unafaa kutayamamu. Tukabishana nusu saa nzima. Nikamwambia kwetu Mashafii lazima pawe na vumbi linaloshika mkono, na mchanga huu umeoshwa na bahari hauna vumbi hata chembe. Kwa Mahanafi na Wamaliki unafaa bila shida. Bahari yenyewe ilikuwa hatua tatu kutoka tulipokaa, na maji yake yanatawadhisha. Ndivyo tulivyo wanafunzi wa fiqhi.

Nikajaza chupa ndogo ya maji mchanga ule. Nikapiga picha, nikamtumia mama kule Rubavu: "Mama, tazama maajabu ya Mola! Mchanga mweusi! Nikuletee?" Jibu lilikuja baada ya Isha. "Usiniletee. Mimi ninao."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Mama yangu alizaliwa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikashuka, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuja Gisenyi. Mama alikuwa mmoja wao, dada yangu mgongoni, sufuria moja kichwani. Aliporudi kutazama, pale ilipokuwa nyumba palikuwa na jiwe jeusi linalofuka moshi, na juu yake watu walikuwa wanapita wakitafuta ilipokuwa barabara. Hakukaa. Alirudi Gisenyi, akaolewa huku, nikazaliwa mimi.

Lava ikigusana na maji hupoa ghafla na kupasuka vipande vipande, na mawimbi huendelea kuvisaga. Mchanga mweusi wa visiwani asili yake ni hiyo. Kwa hiyo mama hakukosea: niliyemwonyesha kama ajabu ya kisiwa cha mbali alikuwa mgeni aliyemfahamu kwa jina.

Na sikuwa na udhuru wa kusema sikujua. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena, nilikuwa nyumbani. Mbingu yote ya upande wa Goma iligeuka nyekundu. Nilisimama nje na simu yangu nikirekodi, nasema "Subhaanallah, Subhaanallah", na nilikuwa mkweli, maana sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nyuma yangu mama naye alikuwa anasema "Subhaanallah" huku akihesabu watoto. Usiku ule walikufa watu wasiopungua 30 upande wa pili wa mpaka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka hata kwetu mpaka kuta zikapasuka. Tulilala nje. Ile video ninayo hadi leo. Sijaifuta, na sijawahi kumwonyesha.

Basi swali langu ni hili: je, inafaa kufurahia uzuri uliotokana na msiba wa watu?

Jibu la kwanza lililonijia lilitoka darasani. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijri, makazi ya Thamudi, akiwa safarini kwenda Tabuk, aliwakataza masahaba kuingia katika majumba yale isipokuwa wakiwa wanalia. Yeye mwenyewe alijifunika kichwa na kuharakisha mwendo, na hata unga waliokuwa wameukanda kwa maji ya visima vya pale aliamuru wapewe ngamia. Nikasema, hukumu imepatikana: mahali pa maangamizi si mahali pa kupigia picha.

Lakini nilipozidi kuifikiria niliona nimefanya dhulma. Thamudi tumeelezwa na Mola wao kwamba waliangamizwa kwa kukadhibisha kwao. Nani ametueleza habari hiyo kuhusu watu wa Goma? Wapo wanaoisema, tena mimbarini, kila mlima unapowaka: wamezidi maasi. Mimi nimemsikia mmoja, na mama yangu alikuwa nyuma ya pazia upande wa akina mama akisikiliza. Siku alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza akafarijika na maneno yale. Badala yake alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa mbingu haikuvaa kaniki kwa ajili ya mwana wa Mtume, sisi ni nani wa kusema mlima umewaka kwa ajili ya dhambi za jirani yetu? Hadithi ya Hijri basi siwezi kuipeleka Goma wala Singani.

Upande mwingine ipo Suratu Fatir. Mwenyezi Mungu anatutajia milima yenye mistari myeupe na myekundu na ya rangi mbalimbali, na myeusi sana, kisha hapo hapo anawataja watu na wanyama kwa tofauti za rangi zao, na wanaomcha, nao ni wenye elimu. Weusi wa jiwe umetajwa ili tuutazame. Anayefumba macho mbele ya ufuko wa Singani amekataa kusoma alichoandikiwa. Na tukitaka kuwa wakali hivyo, hata mchanga mweupe wa Unguja tutaukimbia, maana ule nao ni matumbawe na makombe yaliyokufa na kusagwa. Sijui mchanga ambao si kitu kilichovunjika.

Huko Hawaii palikuwa na ufuko mweusi maarufu, Kaimū, watu wakisafiri kutoka mbali kuuona. Mwaka 1990 lava iliufukia pamoja na nyumba za kijiji cha Kalapana. Leo pembeni yake upo ufuko mweusi mwingine, mpya, na wageni wanaendelea kuja. Unaweza kukasirika. Lakini ungetaka wafanye nini, wasitazame?

Asubuhi ya pili nilimuuliza bibi yake rafiki yangu, ambaye wote pale tulimwita Koko. Ule moto wa Karthala wa Aprili 1977 aliuona kwa macho yake. (Nyiragongo nayo ililipuka Januari ya mwaka huo huo 1977, nilipomwambia alishika shavu.) Ulipasua ubavu wa mlima juu ya Singani, ukapita katikati ya nyumba ukiteremka kuelekea baharini. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili chake chenye Kingazidja ndani, kama haimchukizi kutuona tunacheza kule chini. Akasema wajukuu wake wote wamejifunza kuogelea pale. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonigusa: kwamba wageni wengi humuuliza njia ya ufukweni, ila mimi ndiye nimemuuliza habari za nyumba.

Hapo ndipo nilipo kwa sasa, na ndugu msomaji uko huru kunipinga katika toleo lijalo. Naona furaha yenyewe haina kosa. Kosa langu, Mei 2021 na tena pale Singani, lilikuwa ni kutazama kana kwamba kile kitu kilishuka kwa ajili ya macho yangu tu, kisha nikamkabidhi mama furaha yangu bila kumuuliza yeye anakiona nini. Mwenye nyumba iliyofukiwa ana haki ya kwanza katika jiwe lile, hata kama ni haki ya kusikilizwa tu. Koko ameitumia haki yake kwa kuwapeleka wajukuu kuogelea. Mama ameitumia kwa kusema usiniletee. Sioni kwamba mmoja wao ana imani zaidi ya mwenzake.

Chupa niliimwaga pale pale ufukweni kabla ya kuondoka. Lakini mchanga ni mchanga. Nilipofika nyumbani mama alitoa viatu vyangu nje avikung'ute, chembe nyeusi zikamwagika kwenye saruji. Nilisimama mlangoni sina la kusema. Alichuchumaa, akazigusa kwa kidole.

"Huu ni laini kuliko wetu," akasema.

Akachukua ufagio. Kabla hajafagia akaniuliza yule bibi wa Singani ana watoto wangapi, na kama usiku ule wa moto alikuwa tayari amewazaa.