Kasi Inatoka Wapi?

Somo: 2 Samweli 18:19-32; Kumbukumbu la Torati 22:8



Wiki tatu zilizopita, Jumanne baada ya maombi ya asubuhi, kijana mmoja wa hapa kwetu aliniita nje nimwombee pikipiki yake. Wengi mnamjua. Sitamtaja jina, lakini ameniruhusu nisimulie. Ni mwana boda wa steji yetu, ana mke na mtoto mmoja, na ile pikipiki ni ya mkopo, inalipwa kila siku kwa simu. Alikuwa ametoka kwa fundi kule Kariobangi Light Industries. "Pasta, nimeifanyia kitu," akaniambia huku akicheka. "Sasa inapaa." Nikaweka mkono juu ya tangi, nikaomba ulinzi, nikataja damu ya Yesu, nikasema amina. Sikumuuliza ameifanyia nini.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa na ibada ya saa saba mchana katikati ya mji. Mimi ndiye nilikuwa nahubiri. Nilikaa kwa simu nikimaliza mambo yangu, na nilipoangalia saa ilikuwa saa saba kasoro ishirini na bado niko Umoja. Nikampigia yule kijana. Alipofika nikapanda, nikamwambia maneno ambayo wengi wetu tumewahi kuyasema: "Ndugu yangu, kimbia. Nitakuongezea mia."

Hatukuwa tumemaliza Moi Drive wakati mtoto wa kike, labda miaka saba au minane, alitoka katikati ya vibanda akikimbilia upande ule mwingine. Kijana alishika breki zote mbili. Pikipiki iliyumba, ikasimama. Lakini nataka niseme ukweli mbele za Mungu na mbele zenu: ilisimama ikiwa imeshapita pale mtoto alipokuwa. Sisi hatukumkwepa. Mtoto ndiye aliyeruka nyuma.

Mama mmoja wa mboga alitutukana, na alikuwa na haki. Tukaomba msamaha, tukaendelea polepole. Nilipofika mjini, watu walikuwa bado kwenye sifa na hakuna aliyekuwa ananitafuta. Niliposimama kuhubiri, mikono ilikuwa inatetemeka na kichwa hakina kitu.

Jioni kijana alinipigia simu. Hakuwa anacheka. "Pasta, kwani kubadilisha sproketi ni dhambi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria kwa wiki hizi tatu, na haya ndiyo niliyofika nayo.

Fundi alifanya nini

Nilienda Light Industries nikamuuliza fundi mwenyewe. Pikipiki ina sproketi mbili zinazounganishwa na cheni, moja mbele upande wa injini na moja nyuma kwenye tairi. Ya kijana wetu ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawa 42 kwa 14, unapata 3: sproketi ya mbele ikizunguka mara 3, tairi linazunguka mara 1. Fundi akaweka ya meno 15 mbele na 38 nyuma. Sasa ya mbele ikizunguka mara 2 na nusu hivi, tairi limeshazunguka mara 1. Kwa ule mngurumo wa injini uliokuwa unakupa kilomita 50 kwa saa, sasa unapata karibu 60.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo umeiongezea nguvu?" Fundi akacheka. "Hapana Pasta. Injini ni ile ile. Nimeondoa kwa kuvuta, nimeweka kwa kukimbia." Akanieleza kwamba sasa ikibeba mtu mzito kwenye mlima itakohoa, na klachi itachoka mapema kwa sababu ya kuondoka kwa shida. Nikauliza kuhusu breki. Akasema hakuna aliyemwambia aguse breki. Ni zile zile.

Mimi nilisomea biashara, na pale chuoni tulifundishwa kwamba ukiona faida kwenye kitabu, tafuta imetoka upande gani. Hakuna pesa inayojileta. Fundi wa Light Industries alinifundisha somo hilo hilo kwa spana. Kasi haijatengenezwa, imehamishwa kutoka mahali. Kwa hivyo swali la kuuliza ni: imetolewa wapi, na huyo aliyetolewa, alikubali?

Hesabu ya dakika mbili

Tuseme safari ni kilomita 10. Kwa mwendo wa 50, unafika kwa dakika 12. Kwa mwendo wa 60, dakika 10. Hiyo ni kama barabara iko wazi, na sisi tunaotumia Jogoo Road tunajua ni lini iko wazi. Umepata dakika 2.

Umelipa nini? Zidisha 50 kwa 50, ni 2,500. Zidisha 60 kwa 60, ni 3,600. Umbali wa kusimama baada ya kushika breki unafuata hesabu hiyo. Kama ulikuwa unahitaji hatua 25 kusimama, sasa unahitaji 36. Na hapo sijahesabu ule muda wa kushtuka kabla mkono haujafika kwa breki. Hizo hatua 11 za ziada ndimo alimokuwa yule mtoto wa Moi Drive.

Tena sheria ya Kenya inasema ndani ya mji usizidi 50. Wale mliokuwa watu wazima mwaka 2004 mnakumbuka sheria za Michuki: mikanda kwenye matatu, na spidi gavana ya kilomita 80. Mnakumbuka pia jinsi wengine walivyotafuta mafundi wa kuichezea ile gavana, gari lipite ukaguzi kisha likimbie. Na abiria tulijua, tukakaa kimya kwa sababu tulikuwa tunawahi kazini. Hili swali si geni Eastlands. Limebadilisha magurudumu tu.

Hata kibiashara nilimuuliza kijana: kwa siku, unakaa kwa steji ukingoja mteja muda gani? Akasema ni zaidi ya nusu ya siku. Basi anachokosa si dakika, ni abiria. Akizipata zile dakika mbili anarudi steji kuzikalia akingoja tena.

Ukingo wa paa

Mungu alipowapa Israeli sheria, aliweka moja ambayo watu huipita haraka. Iko Kumbukumbu la Torati 22:8. Mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sisi wa Umoja, Kayole na Pipeline hatuhitaji kuelezwa. Nguo tunaanika juu, watoto wanacheza juu, na kila mzazi anajua flati ambayo ukingo wake hautoshi.

Angalia vizuri. Mungu hakukataza kujenga, wala hakukataza kupanda juu. Alisema ukijenga juu, fikiria yule atakayeanguka, hata kama hujui jina lake. Na ukingo si wa mwenye nyumba peke yake, maana yeye anajua paa linaishia wapi. Ni wa mgeni, wa mtoto, wa mtu aliyepanda usiku kutafuta shuka.

Ndiyo maana nimemjibu kijana kwamba kubadilisha sproketi kwenyewe si dhambi. Kuna wana boda wanaobeba maji na mitungi ya gesi, fundi anawawekea sproketi kubwa nyuma ili ipate kuvuta. Hiyo ni hekima, na mikono ya fundi ni kipawa. Dhambi inaingia pale ninapojenga paa refu na kuondoa ukingo. Ninapojipa dakika zangu na kutoa hatua 11 za mtoto wa mwenyewe bila kumwuliza.

Kuna ndugu atasema, "Lakini Pasta, Mungu analinda." Ni kweli, analinda. Mimi mwenyewe niliweka mkono kwa tangi. Lakini soma Mathayo 4. Ibilisi alimpeleka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe, na akamtolea andiko la malaika. Andiko lilikuwa la kweli. Yesu alikataa kulitumia kumjaribu Mungu. Pikipiki nyingi za Eastlands zina maandiko nyuma, na ni vizuri. Ila andiko halijawahi kuwekwa pale kazi ya breki.

Nani alinunua ile kasi

Sasa nakuja kwa jambo gumu. Nilipoanza kumshauri yule kijana, alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Pasta, mimi sikuamka tu nikataka kukimbia. Wateja wanataka. Ukienda polepole, kesho anamwita mwingine. Hata wewe siku ile uliniambia nikimbie."

Wapendwa, nilinyamaza. Ningemlaumu kwa kuuza kitu ambacho mimi ndiye nilinunua kwa shilingi mia. Na nilikuwa na uchumi wa kuniwezesha kungoja. Yeye ana mkopo wa kila siku. Kati yetu wawili, aliyekuwa na uhuru zaidi wa kuchagua ni mimi, nami nilichagua vibaya na nikamwachia yeye usukani na lawama. Nilichelewa kwa sababu ya simu yangu. Nilitaka mtu mwingine arudishe zile dakika, na mtoto asiyenijua karibu azilipe.

Sisi hupenda kusema "hawa watu wa boda". Lakini kila "harakisha" ina mdomo ulioitamka.

Ahimaasi alifika wa kwanza

Katika somo letu, Yoabu ana habari nzito ya kupeleka kwa Daudi. Anamtuma Mkushi. Ahimaasi mwana wa Sadoki anasisitiza akimbie pia. Yoabu anamuuliza kwa nini, na habari hiyo haina thawabu kwake. Ahimaasi hana sababu. Anataka kukimbia tu. Anapita njia ya bondeni, anampita Mkushi, na mlinzi wa lango anamtambua kutoka mbali kwa mbio zake.

Akafika wa kwanza. Daudi akamuuliza jambo moja tu lililokuwa moyoni mwake, kama kijana Absalomu yuko salama. Ahimaasi hakuwa na jibu. Aliona fujo kubwa, akasema, lakini hakujua ni nini. Mfalme akamwambia asimame kando. Mkushi akaja nyuma, na ndiye aliyekuwa na ujumbe.

Nimesoma sura hiyo mara nyingi. Siku ile mjini, nikiwa mbele za watu mikono ikitetemeka, nilijua mimi ni nani katika hadithi hiyo.

Basi tufanye nini

Kwanza, wewe abiria. Usilipie mwendo. Ukitaka kumwongeza mwana boda mia, mpe kwa sababu alikufikisha salama. Na ukiwa umechelewa, piga simu useme umechelewa. Aibu hiyo ni yako, ibebe mwenyewe.

Pili, wewe mwana boda. Abiria mmoja, helmeti mbili, na kabla hujamwambia fundi aguse gia, mwambie akague breki na tairi. Mteja anayekuacha kwa sababu hukukimbia, mwachie Mungu. Yuko mama anayetafuta mtu wa kumpelekea mtoto shule, na huyo atakuita kila siku.

Tatu, sisi viongozi. Tumezungumza na mashemasi. Kuanzia Jumapili hii ukichelewa ibada, ingia, utapewa kiti, hakuna atakayekukodolea macho. Hatutaki mtu afike kanisani kwa mbio za kumwogopa asha wa mlangoni.

Kijana wetu amerudisha sproketi ya nyuma ya meno 42. Ya mbele ya meno 15 bado iko, na fundi anasema hiyo peke yake inaongeza kidogo sana. Sikumlazimisha. Breki amebadilisha zote mbili, nami nimelipa za mbele, kwa sababu nilikuwa na deni. Juzi alinibeba tena. Tulipofika pale kwenye vibanda vya Moi Drive, alipunguza mwendo bila kuambiwa, na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni wapi wiki hii umeokoa muda au pesa, na ni nani aliyelipa bila kujua?
2. Katika kazi yako, "ukingo wa paa" ni nini? Uko imara?
3. Nani huharakishwa na wewe: mfanyakazi wa nyumbani, mtoto, fundi, mwana boda?

Tuombe

Baba, tusamehe kwa dakika tulizochukua kwa watu wengine. Walinde vijana wetu walio barabarani, na wale wanaovuka mbele yao. Tupe moyo wa kuondoka mapema, na unyenyekevu wa kufika tukiwa tumechelewa. Katika jina la Yesu, amina.