Hamu ya Nyimbo za Matangazo: Swali la Aliyeimbiwa

Watu wa makamo wanapokutana nchini Kenya, katika arusi, matanga au safari ndefu ya gari, si ajabu mmoja wao akaanzisha wimbo wa tangazo la biashara uliokuwa ukisikika redioni au katika televisheni utotoni mwao. Wenziwe huudaka papo hapo. Watu ambao hawawezi kukumbuka beti mbili za shairi walilotahiniwa katika kidato cha nne hukumbuka, bila kukosa neno, sifa za sabuni ya unga iliyouzwa miaka arobaini iliyopita. Nyuso hukunjuka, na kwa muda mfupi kila mmoja huwa amerudi kwao. Hali hii haina budi kumtatiza mhakiki, kwani wimbo wenyewe haukutungwa kwa mapenzi. Ulitungwa kwa ujira, na lengo lake lilikuwa kuwatoa watu fedha mfukoni. Je, ni haki mtu kuupenda? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa kwa kawaida, linamsahau mhusika mmoja, na kwamba huyo anayesahauliwa ndiye mwenye dai kubwa zaidi.

Yafaa kwanza kusema machache kuhusu hamu yenyewe. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, aliipa hamu ya nyumbani jina la Kigiriki na kuieleza kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa. Karne tatu baadaye, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001, Svetlana Boym alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na hamu inayoridhika kukaa katika magofu yake na kutafakari. Kiswahili kina neno lililo pana kuliko istilahi hizo. Katika lugha ya washairi, hamu hubeba shauku na huzuni kwa pamoja, wala msomaji halazimiki kuchagua moja kati ya hizo mbili. Ni katika maana hiyo pana ambapo neno hilo linatumika hapa.

Kizazi kinachohusika hasa ni kile kilicholelewa na Sauti ya Kenya. Shirika la Utangazaji la Kenya, lililoundwa mwaka 1961 na kuanza kurusha televisheni mwaka 1962, lilitaifishwa mwaka 1964 na kupewa jina hilo la Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na redio ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo mtoto wa Lamu na mtoto wa Busia walizisikia nyimbo zilezile, mara nyingi kwa saa zilezile. Televisheni zilikuwa chache na watoto walizitazama madirishani mwa majirani, lakini redio iliwafikia wengi. Udugu wanaouhisi watu wanapoimba pamoja leo umetokana, kwa sehemu kubwa, na ukiritimba huo wa serikali. Ni udugu wa watu ambao hawakuwa na cha kuchagua. Fauka ya hayo, wimbo wa tangazo ni salama kuukumbuka. Studio hizohizo zilitoa pia taarifa za habari zilizochujwa na nyimbo za kwaya za kuwasifu watawala. Ndizo zilizotekwa na askari waasi tarehe 1 Agosti 1982. Anayekumbuka wimbo wa mafuta ya kupikia huweza kuikumbuka redio ya miaka hiyo bila kukumbuka lolote kati ya hayo. Huenda hiyo ni sehemu ya utamu wake.

Kuhusu uhalali wa mapenzi haya, majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza ni la wale wanaoona kwamba mtoto alidanganywa, na kwamba kuupenda udanganyifu huo ukubwani ni kukubali kudanganywa mara ya pili. Wazo hili ni kongwe. Katika Jamhuri, Plato alitaka hadithi wanazosimuliwa watoto na mama zao na yaya zao zipitishwe kwanza na walinzi wa dola, kwa sababu nafsi changa hushika alama ya chochote kinachoigusa. Roland Barthes, katika kitabu cha Mythologies cha mwaka 1957, alichambua matangazo ya Omo na Persil, akaonyesha jinsi povu na weupe vilivyofanywa kuwa hadithi za ushindi na ukunjufu, kisha akamkumbusha msomaji kwamba bidhaa hizo mbili zinazoshindana zina mwenyewe mmoja, Unilever. Omo hiyohiyo iliimbiwa Afrika Mashariki. Uchambuzi wa Barthes haujachakaa, ila unamwona msikilizaji kama mtu aliyekaa kitako akipokea.

Jibu la pili hutolewa zaidi na wanafunzi wa fasihi simulizi, na lina mvuto wake. Wao hudai kwamba watoto hawakupokea tu. Waliuchukua wimbo wakautia katika mchezo wa kuruka kamba, wakabadilisha maneno, wakalichomeka jina la mwalimu mkali mahali pa jina la bidhaa. Mfano unaofaa kueleza hoja yao ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Mkebe mtupu wa Kimbo au Kasuku wa kilo mbili uligeuka gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe kilichokubalika sokoni pasipo amri ya mtu yeyote. Mikebe midogo ilikatwa na mafundi ikawa koroboi. Kama mkebe ulivyomwagwa yaliyomo na kupewa kazi nyingine, ndivyo wimbo ulivyomwagwa biashara yake na kubaki mali ya walioucheza. Kwa mujibu wa hoja hii, hamu ya wimbo huo ni hamu ya watoto kwa ubunifu wao wenyewe, na mwenye bidhaa hana chake hapo.

Hoja hiyo ingetosha kama wimbo ungeishia uwanjani. Haukuishia huko. Uliletwa nyumbani, na huko ulikuwa na msikilizaji ambaye majibu yote mawili hayamtaji. Mtoto hakuwa na fedha. Aliyekuwa nazo, au aliyetarajiwa kuzipata, ni mama au baba. Tangazo la mafuta, la sabuni, la siagi ya kupaka mkate, lilimsifu mama anayejali, mama ambaye watoto wake wananawiri na nguo zao zinang'aa. Mtoto aliyeuimba wimbo huo jikoni alikuwa akimsomea mama yake orodha ya mambo ambayo mama anayejali huyafanya. Katika istilahi ya ngoma, mtoto alikuwa manju na mama ndiye aliyeimbiwa. Muuzaji hakuwa na haja ya kubisha hodi, kwa sababu alikuwa na mjumbe ndani ya nyumba, tena mjumbe asiyelipwa na asiyeweza kufukuzwa.

Hapa fasihi ya Kiswahili inatoa kipimo ambacho hakipatikani kwa Plato wala kwa Barthes. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Tungo hizi na nyimbo za matangazo zinalingana katika jambo moja la fani: zote zilitungwa ili zikae kichwani mwa kijana, na zote zilitegemea vina, mapigo na urudiaji kufanikisha hilo. Kuhusu maudhui mtu anaweza kubishana. Wapo wasomi wengi wa kike, na kwa haki kabisa, wasioyakubali mawaidha ya Mwana Kupona juu ya utiifu wa mke. Lakini mwelekeo wa neno hauna ubishi. Katika utenzi, neno linatoka kwa mzazi anayemjua mtoto kwa jina, linashuka kwa mtoto huyo, na mzazi anabeba dhamana ya alichokisema. Katika tangazo, mtunzi hajulikani, mtoto hajulikani kwake, na neno linapanda: linatiwa kinywani mwa mtoto ili limfikie mzazi. Wosia umegeuzwa kichwa chini. Mdogo anamwelekeza mkubwa, kwa maneno ambayo si yake, kwa faida ya mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani.

Hebu na izingatiwe maana ya jambo hili katika nyumba isiyo na uwezo, maana nyumba za aina hiyo ndizo zilizokuwa nyingi. Mtoto aliyeimba sifa za siagi ya mkate mara nyingi alikuwa amekula kiporo cha ugali au kiazi cha kuchemsha kabla ya kwenda shule. Wimbo ulimfikia bure, bidhaa haikumfikia. Ukubwani, anachokikumbuka si ladha, kwa kuwa hakuionja ipasavyo. Anakumbuka kutamani, tena kutamani pamoja na wenzake, na hilo ni jambo tamu kwa mwenye kulikumbuka. Lakini upande wa pili wa tamaa hiyo alikuwapo mtu aliyeisikia ikiimbwa kila jioni akijua hawezi kuitimiza. Kabla ya wimbo, sufuria iliyosuguliwa kwa jivu ilikuwa sufuria safi, na meno yaliyosuguliwa kwa mswaki wa mti yalikuwa meno safi. Baada ya wimbo, vitu vilevile vilikuwa dalili za upungufu, na aliyeutangaza upungufu huo alikuwa mwanawe. Samli iliyosukwa kwa mikono katika kibuyu, na ambayo kwa vipimo vya leo haikuwa na la kuonea haya mbele ya mafuta ya kiwandani, ilianza kuonekana chakula cha mshamba.

Yapo mataifa yaliyowahi kulitambua tatizo hili, walau nusu yake. Sheria ya jimbo la Quebec, Kanada, iliyoanza kutumika mwaka 1980, inakataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya umri wa miaka 13, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliithibitisha mwaka 1989. Uswidi ilipiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 12 mwaka 1991. Sheria za namna hii humlinda mtoto kwa hoja kwamba hana uwezo wa kupambanua ushawishi. Hoja ni nzuri, lakini bado inamtazama mtoto kama mlengwa. Mzazi anayefikiwa kupitia kwake huonekana kwa mbali tu.

Je, mtoto yule ana lawama? Hapana. Hakujua, na asiyejua hawezi kulaumiwa kwa lile alilotumwa bila kuambiwa kuwa ametumwa. Hata hivyo, kukosa lawama na kukosa deni ni mambo mawili tofauti. Mwanafalsafa Bernard Williams, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto pasipo kosa lake lolote. Watazamaji watamliwaza dereva huyo, na watakuwa na haki. Lakini angeliwazika upesi mno, akasema tu kwamba hakukosea na kuendelea na safari, wangemtilia shaka. Williams aliona kwamba yapo majuto yanayomstahili mtenda kwa sababu tu jambo lilipitia mikononi mwake. Deni la mwimbaji wa utotoni ni dogo mno likilinganishwa na la dereva, lakini ni la jinsi hiyohiyo. Madhara, kwa kadiri yalivyokuwapo, yalipitia kinywani mwake, na yalimfika mtu aliyempenda.

Mfano mgumu zaidi ni ule wa sigara. Matangazo ya tumbaku yalisikika na kuonekana kote nchini kwa miongo mingi, yakihusisha uvutaji na afya na ushujaa; jina lenyewe la Sportsman lilimfanya mvutaji kuwa mwanamichezo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2008, iliyapiga marufuku matangazo hayo. Mtoto aliyetumwa dukani kumnunulia baba sigara, akaenda akiimba na kurudi akiimba, huenda leo ni mtu aliyemuuguza baba huyo kifua. Mtu wa namna hii anapoupata wimbo huo ghafla kichwani mwake, na ukamfurahisha kabla hajawahi kujizuia, hoja ya mkebe haimsaidii. Gorogoro halikuwa na sumu ndani yake. Wala kumwambia ausahau si jibu, kwa sababu wimbo umefungamana na baba mwenyewe: na hatua zake akirejea jioni, na kicheko chake aliposikia sauti ya mwanawe ikiutia pambo. Akiufuta wimbo, hafuti biashara, anamfuta baba.

Ndiyo maana makala haya hayawezi kuungana na wale wanaotaka hamu hii ilaaniwe. Ila mtu akiisha kuimba, amalizie kukumbuka. Mtu anayemkumbuka manju na kumsahau aliyeimbiwa amekumbuka nusu ya tukio, ile nusu isiyogharimu kitu. Nusu ya pili ina jiko, ina moshi, ina mwanamke aliyegeuza uso ili asionekane anavyohesabu. Yamkini hamu ikibebeshwa hayo itapungua utamu. Yamkini pia haitapungua, maana huzuni haikuwa mgeni katika neno lile tangu awali.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwana wa makamo anayerudi nyumbani mwezi wa Desemba, akauimba wimbo wa mafuta ya kupikia mbele ya mama yake aliyekwisha kuzeeka, akitaraji waucheke pamoja. Mama haukumbuki wimbo. Anaukumbuka mkebe. Anakumbuka kwamba ulichukuliwa dukani kwa mkopo wakati wa Krismasi, anakumbuka bei yake hadi senti ya mwisho, na kwamba mwenye duka alilipwa kwa kuku wawili mwezi wa Machi. Kisha anamwonyesha mwanawe kwa kidole pembeni mwa ghala, ambako mkebe huo, umefutika maandishi yote, ungali unapimia mahindi.