Wakfu wa Mpingo

Chimwaga, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ilisikika katika siasa kabla ya kusikika katika elimu. Katika ukumbi wake CCM ilimteua Benjamin Mkapa mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005, kuwania urais. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuja mwaka 2007. Siasa huhesabu miaka kwa mitano mitano. Mpingo, mti wa nyika kavu na wa miombo unaoota hata Ugogo, una hesabu nyingine: hupita miaka 70 hadi 100 ndipo kiini chake cheusi kinapofaa kupasuliwa. Uliochipua mwaka 1973, TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma, haujakomaa hadi leo.

Basi aliye hai anadaiwa nini na asiyezaliwa? Wanaosema hadaiwi kitu wana hoja. Deni hutaka pande mbili, na asiyekuwapo hakukopesha, hawezi kudai, wala hatashukuru.

Lakini watu wa pwani wanalijua tendo lisilohitaji deni. Aliyeweka shamba lake la minazi wakfu hakuwajua watakaokula nazi zake. Shamba lenyewe haliuzwi wala halirithiwi. Kinachogawiwa ni mavuno. Hapana mkopo hapo, wala mkataba. Pana mtu aliyekataa mali yake iishe pamoja naye. Mpingo wastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Mchonga kinyago wa Kimakonde na fundi wa klarineti wa Ulaya wachukue mavuno, yaani kisichozidi kinachokua. Na kinachowekwa wakfu kiwe nyika nzima, si shina moja moja, kwa kuwa moto wa kila kiangazi hula miche michanga, na msitu wenye miti mikuu pasipo miche ni nyumba ya wazee watupu. Tangu mwaka 2017 mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya mpingo baina ya nchi, lakini mkataba huo hauzimi moto.

Wakfu, hata hivyo, una sharti: mtu huweka kilicho chake. Mwaka huohuo wa 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 makumi ya maelfu ya mifugo yaliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Vichaka vikarudi vyenyewe, na makorongo yakaanza kufunikwa. Huo ni ushindi wa kweli. Ila aliyeulipia ni mfugaji, aliyepoteza maziwa na samadi kwa amri, ilhali walioamuru hawakutoa hata ndama. Asiyezaliwa akitendewa wema kwa mali ya jirani maskini, jina la tendo hilo si wakfu.

Kilwa walifuata njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Huko wanakijiji ndio wanaochagua mpingo wa kukatwa na wa kuachwa, na fedha za uliokatwa huingia kijijini.